Mwaka Nilioishi Nyuma ya Ofisi ya Chama

Simu ilinikuta karakanani kwangu Uyole, Mbeya, mikono ikiwa na vumbi jeusi mpaka kwenye viwiko, ikabidi msichana wa ofisini aniwekee sikioni. Alikuwa Mzee Chengula wa Iringa. Tangu tufahamiane huyu mzee hunipigia kwa jambo la kazi tu. Husema alilonalo, hukata. Siku hiyo aliniuliza hali kwanza. "Zuhura," akasema, "Mama Neema ametutoka. Amefia nyumbani kwake Kihesa, usingizini. Tunazika keshokutwa. Nimeona nikupigie mwenyewe, maana sijui kama yuko mwingine ambaye angekumbuka kukuambia." Nikamshukuru. Nikanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha nikawaambia wafanyakazi wamalizie kazi, mimi nina msiba. Mmoja akaniuliza aliyefariki ni nani yangu. Hakuwa ndugu yangu, hakuwa jirani, wala hatukuwa tunasali pamoja. Nikasema ni mtu aliyenipokea zamani, naye akaitikia kwa heshima kama mtu anavyoitikia jambo asilolielewa.

Njiani nilikuwa peke yangu garini. Baada ya Igawa, pale barabara ya Rujewa inapochepuka, nikaanza kuukumbuka ule mwaka, na sikuacha mpaka nilipoiona milima ya mawe ya Iringa. Habari za nilikozaliwa na walionilea nitaziacha. Hazikuwa na sehemu kubwa katika mwaka ule. Inatosha kusema kwamba nilikuwa binti mdogo, nafanya kazi ya kufagia na kupanga magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa. Nyuma ya kila mashine pale palikuwa na kilima cha pumba. Watu walikuwa wakizitia moto ili kupunguza kilima, nazo zinaweza kufukuta kwa majuma. Mimi nilianza kuzifunika pumba zile ndani ya pipa bovu, ziungue bila kuwa majivu, kisha nikazichanganya na uji wa muhogo na kuzifinyanga vitofali. Vilipokauka niliviwasha, navyo viliivisha maharage. Wenzangu walicheka kwa wema, wakasema Zuhura anacheza kupika kama watoto. Kisha redio ikatangaza kwamba chama cha wafanyabiashara na wasindikaji wa Iringa kinatafuta vijana wenye wazo la bidhaa, wakae pale mwaka mzima, wapewe chumba, vifaa na watu wa kuwafundisha. Nilikwenda na vitofali vyangu kwenye mfuko wa rambo.

Tulichaguliwa watatu. Kijana mmoja alitaka kutengeneza mvinyo wa zabibu pori, msichana mwingine alikuwa na dawa ya meno ya mitishamba. Yule kijana alipata kazi Dar es Salaam kabla hata hatujazoeana, msichana akaposwa na kuondoka, na kabla msimu wa baridi haujaisha nikawa nimebaki mwenyewe. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ofisi ya chama, pale Kihesa. Kilitengwa na ukumbi wa vikao kwa ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya maziwa, na upande wa pili palikuwa na uwanja mdogo wenye pipa langu, banda la mabati na bomba la maji. Ndani nilikuwa na kitanda cha chuma, meza na jiko. Upepo wa Iringa uliingia chini ya mlango. Nilijifunza kulala na soksi na kilemba, nikajifunza kuamka bila mtu wa kumsalimu. Mchana watu walipita nje wakiongea Kihehe, wakaniamkia "kamwene" nami nikajibu "kamwene", na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia, kwa kuwa sikuwa na neno la pili. Zilikuwepo siku ambazo niliisikia sauti yangu mara moja tu, nilipokwenda dukani kununua chumvi. Nikaanza kwenda kununua chumvi ambayo sikuihitaji.

Mama Neema ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama. Alikuwa na duka la pembejeo karibu na soko, mjane, Mlutheri, mwenye sauti ya chini na hatua za haraka. Binti zake walikuwa wameshaolewa Dar es Salaam. Jumapili moja, akitoka kanisani, alipita ofisini kuchukua ufunguo wake akanikuta nimekaa kwenye ngazi nakula mkate mkavu. Aliutazama ule mkate. Alisema, "Njoo ubebe huu mfuko, mkono unaniuma." Mfuko ulikuwa mwepesi. Tulipofika kwake alipika ugali na majani ya maboga, tukala, na Jumapili iliyofuata mkono ukamuuma tena. Jumapili ya tatu nilikuta sufuria mpya jikoni, bado ina karatasi ya dukani. "Hiyo ni yako," akaniambia huku akinipa mgongo. "Hizi nyingine zimeshapika nguruwe. Sitaki ule huku unawaza." Tangu siku hiyo nilijua kwamba kila Jumapili nitakula mezani na mtu mwingine, na majuma yangu yakaanza kuwa na umbo.

Watu huniuliza chama kile kilinisaidia nini hasa, wakitarajia nitaje mkopo. Mimi nawaambia kilinipa watu, na kwa kuwa wanadhani ni maneno ya hotubani, huwa naeleza. Fundi mmoja wa kuchomelea, mwanachama, aliniita gereji kwake akanitengenezea mashine ya kukandamiza kwa mkono kutokana na jeki ya lori. Msafirishaji mmoja alikuwa na magari yanayoshusha bidhaa Rujewa na kurudi matupu, akasema wapakie pumba, gari lisirudi na upepo. Mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuwa anasindika alizeti, alikuja kila Alhamisi kunifundisha namna ya kupanga bei ya kitu, akinisahihisha kwa chaki kwenye sakafu. Kila mmoja alifanya alilolifanya kwa sababu Mama Neema alikwenda kumkalia dukani kwake mpaka akubali. Lakini wakishamaliza waliondoka, wana familia zao. Jua lilipozama nilibaki na pipa.

Mfungo wa Ramadhani uliangukia mwanzo wa mvua mwaka ule. Kwetu Rujewa futari ni kelele, kila nyumba ina sahani inayotoka na sahani inayoingia. Iringa nilifuturu siku ya kwanza nikiutazama ukuta wa mbao. Siku ya pili Mama Neema akabisha hodi na chupa ya uji, akakaa kwenye kiti changu kimoja, mimi kitandani. Adhana iliposikika kutoka mjini aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza dua, kisha akamimina uji vikombe viwili. "Mimi nimekula mchana," akasema, "lakini nikikuacha unywe mwenyewe itakuwa kama dawa." Alikuja jioni nyingi. Mzee Saidi mwenye tanuri la mikate, ambaye babu zake walitoka pwani, naye alianza kuniletea mkate wa moto aliposikia kuna binti wa Kiislamu anafuturu kwenye ofisi ya chama. Nilipomwambia Mama Neema kwamba sasa nina mkate, akaridhika, lakini hakuacha kuja. Sikuwaza wakati ule kwamba huenda yeye pia alikuwa na ukuta wake wa kutazama jioni. Nilikuwa kijana, nilidhani upweke ni kitu cha wageni.

Mzee Chengula, wakati huo hajawa mzee, alikuwa akifanya biashara ya mbao na mkaa. Malori yake yalipakia mkaa pande za Idodi na kuushusha mjini. Vikao vya kamati vilikuwa alasiri, nami nilikuwa nyuma ya mbao, siwezi kutosikia. Siku moja jina langu likatajwa.

"Mwenyekiti, tuseme ukweli," ilikuwa sauti ya Chengula. "Mbao hizi za ukuta huu ni za nani? Nilizitoa mimi, mkanishukuru, mkanipigia makofi. Sasa nyuma ya mbao zangu mmemweka binti wa kuniondoa sokoni."

"Binti mwenyewe ana pipa moja, Chengula," akajibu Mama Neema.

"Leo ana moja. Si mnamfundisha ili kesho awe nayo mengi? Au kazi ya chama ni nini?"

"Ni hiyo."

"Basi umenijibu." Kiti kikalia. "Mimi simchukii. Lakini Idodi nina watu wanaochoma mkaa, wana watoto shuleni. Nikifika kule niwaambie nini? Kwamba chama ninachokilipia ada kimewatafutia njaa?"

"Waambie miti inaisha," akasema Mama Neema. "Unajua kuliko mimi. Zamani gari lako lilipakia pale pale kijijini. Siku hizi linaingia porini mpaka linaharibika huko huko. Si huyu binti aliyeikata miti."

Hakuna aliyemuunga mkono. Wakaahirisha jambo. Watu walipoondoka alikuja mlangoni kwangu. "Umesikia," akasema, wala halikuwa swali. Nikasema nimesikia. "Mbao nyembamba hizi. Kesho tunakwenda shuleni, jiandae."

Shule yenyewe ilikuwa ya bweni, ya wasichana, nje ya mji, na mkuu wake alikubali tujaribu kupika ugali wa mchana kwa vitofali vyangu. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Nilivigusa nikaona vimekauka kwa nje, nikaamini. Jikoni moshi ulijaa mpaka wapishi wakatoka nje wakifuta macho, maji hayakuchemka, na wasichana wakapanga foleni na sahani zao mvuani, wakinitazama. Wakarudia kuni. Walikula jua likiwa limeshapinduka. Mkuu wa shule hakupandisha sauti. "Mwenyekiti, hawa ni watoto wa watu," alisema. Mama Neema akamjibu, "Kosa ni la chama, mwalimu. Tutalirekebisha," wala hakunitazama aliposema. Nililia stoo, katikati ya magunia ya unga, yeye akasimama mlangoni akingoja nimalize. Hakuniambia nisilie. "Tumejua sasa," akasema. "Ndani havikukauka. Nani Iringa ana joto wakati wa mvua?"

Tulitoka pale tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Saidi. Juu ya tanuri lake la mikate palikuwa na nafasi pana ya matofali, yenye joto usiku na mchana, ambayo alikuwa akianikia magunia tu. Alisikiliza, akanywa kahawa yake, akauliza kama vitofali vina harufu. Nikasema havina. "Vikitia harufu mikate yangu nitavirusha nje, nawe nitakupa mkate bado," akasema. Kuanzia hapo kila alfajiri nilibeba trei zangu mpaka pale. Wapishi wa mikate hawakuwa waongeaji, lakini walinisogezea ndoo niikalie karibu na mdomo wa tanuri, nami nikakaa nikiwatazama wakisukuma unga. Ndani ya mwaka mzima, pale ndipo mahali pekee ambapo mwili wangu ulipata joto sawasawa. Hata sasa, nikipita asubuhi mbele ya duka la mikate popote pale, huwa nasimama.

Shuleni walitupa nafasi ya pili kwa kumhurumia Mama Neema zaidi ya kuniamini mimi. Moto ulishika vizuri, ukakaa. Mpishi mkuu, mama mmoja mkimya, alikoroga sufuria kubwa kwa mwiko, akainama kuangalia jikoni, akasema, "Huu hauna cheche. Hautaniunguza kanga." Ndiyo sifa yote niliyopata, na ilinitosha. Shule ikaomba niwaletee kila juma. Habari zikaenea mjini, mama lishe wawili wakaja kuuliza, na baada yao wakaja wafanyabiashara wa mkaa, si kununua bali kulalamika.

Uchaguzi wa chama ulifanyika mvua zikielekea ukingoni. Nilikaa chumbani kwangu. Kupiga kura kwa kunyoosha mikono hakuna sauti. Nilisikia viti, nikamsikia anayehesabu akinong'ona, kisha makofi machache ya adabu. Baadaye nikasikia sauti ya Mama Neema ikimpongeza Chengula, tulivu kabisa, na hatua zake zikitoka kwa mlango wa mbele. Alikuwa amekiongoza kile chama tangu kilipokuwa watu wachache wanaokutana kwenye kibaraza cha duka lake. Siku hiyo hakupita mlangoni kwangu.

Nilianza kufunga vitu vyangu asubuhi yake. Chengula akaja, akasimama kizingitini na kofia mkononi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Unafunga nini?"

"Naondoka, mzee."

"Nani amekufukuza? Chama kiliahidi mwaka. Mwaka haujaisha." Akaukagua ukuta wa mbao kama mtu anayetazama kitu alichokiazimisha. "Sikiliza, binti. Sitakudanganya. Hapa mjini hutakua mimi nikiwa mwenyekiti, watu walionichagua hawatakubali. Shule endelea nayo mpaka umalize muda wako. Lakini Mbeya tuna wenzetu, chama kama hiki, wana kiwanja Uyole, na pumba za kwenu Rujewa kwao si mbali. Nimeongea nao. Nimewaambia kazi yako ni nzuri." Akavaa kofia. "Kama isingekuwa nzuri nisingesumbuka."

Nilitaka sana kumchukia, nikashindwa. Alitimiza kila alichosema. Aliniandalia hata gari.

Kwa Mama Neema mambo yalikuwa mengine. Watu waliokuwa wakijaa dukani kwake kuomba ushauri waliacha kuja, wala si kwa ubaya. Ushauri sasa ulikuwa kwa mwingine. Jumapili tulikula kama kawaida. Nilimwambia pole, nikamwambia ni kwa sababu yangu. "Usijipe ukubwa," akanijibu, lakini kwa upole. "Nilijua watanitoa. Ningekaa kwenye kile kiti nikikuzuia, ningekuwa nakalia nini?" Alitoa vyombo. Alikuwa amepungua, mikono imeanza kuonyesha mishipa.

Jioni ya mwisho, kabla ya safari ya Mbeya, alinipikia kuku. Alimwita mtoto wa Mzee Saidi aje amchinje, ili nile bila wasiwasi. Tulikula taratibu. Alinieleza namna ya kuongea na watu wa Mbeya, nani ana haraka na nani anataka kusalimiwa kwanza. Kisha akawa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. "Chumba cha wasichana wangu kipo wazi," akasema. "Ungeweza kukaa. Duka langu linataka mtu, na kazi yako ungeifanya polepole, Chengula si wa milele." Moyo wangu ulikuwa umeshafika Uyole, na hapo hapo sikutaka kuinuka kwenye kile kiti. Nilisema nitafikiri. Asubuhi nilipokwenda kumuaga alikuwa ameshavaa nguo za dukani. "Jana nilisema maneno ya mtu aliyechoka," akaniambia. "Nenda. Usipokwenda nitakuwa nimeondolewa bure." Akanipa mkono, akafungua duka.

Nikaenda. Mbeya wenzetu walinipokea, kazi ikakua polepole, ikaanguka, ikainuka tena. Leo vitofali vyangu vinapikia shule nyingi, na baadhi ya wanaonifanyia kazi ni watoto wa wachoma mkaa wa Idodi. Chengula mwenyewe alinitumia wa kwanza wao. Kwa Mama Neema nilikuwa nikipita kila safari ya Iringa, kisha safari zikapungua, nikabaki kupiga simu siku za sikukuu, zake na zangu. Alikuwa akiuliza habari za mashine kabla ya afya yangu. Hakuwahi kuniuliza nitakuja lini. Mimi pia nimeishi miaka mingi nikila peke yangu mezani, na sasa nimevuka hamsini, najua ni saa ngapi za jioni ambazo huwa ndefu.

Msibani nilikuta turubai limejaa. Chama kilikuwa kimekuja na sare ya fulana nyeupe, vijana wengi ambao sikuwajua, na Mzee Chengula amekaa mbele na fimbo yake. Makaburini msema chochote aliita watu kwa makundi waende kuweka mashada: watoto, wajukuu, majirani, wanakwaya. Nilisimama nyuma nikiwa sina kundi. Alipoita chama, Chengula akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipungia kwa fimbo nisogee. Nikaenda kusimama katikati ya fulana nyeupe na baibui langu jeusi, nikaweka shada pamoja nao.

Tulipokuwa tunatawanyika mwanamke mmoja wa umri wangu akaja kwangu, macho yamevimba. Nilimjua kabla hajasema, kwa hatua zake za haraka. "Samahani, dada. Wewe ndiye Zuhura?"

"Ndimi. Pole sana, Neema."

Alinishika mikono yote miwili. "Nimekutafuta tangu asubuhi. Sisi huko Dar tulikuwa na wasiwasi kila siku, Mama anaishi mwenyewe, kuhama hataki. Lakini kila Jumapili nikimpigia ananiambia, 'Zuhura yuko hapa tunakula, nitakupigia baadaye.' Miaka yote hii, dada. Mpaka mwezi uliopita. Tulikuwa tunaambiana na mdogo wangu, angalau Jumapili Mama ana mtu." Akaikaza mikono yangu. "Asante kwa kukaa naye."

Mzee Chengula alikuwa hatua chache kutoka pale. Yeye alijua vizuri ni wapi nimeishi miaka yote hiyo. Aliinamisha kichwa akawa anatazama ncha ya fimbo yake.

"Alikuwa anapika vizuri," nikasema.

Neema akafuta macho kwa kitenge, akajaribu kucheka. "Bado alikuwa anatia karanga kwenye mboga, mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," nikamwambia.